Tangi la Kanisa na Hukumu ya Mahindi

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imenyesha. Migwani nzima iko shambani isipokuwa mimi. Sina mbegu, na nguvu pia sina.

Watu wanapanda huku wakiongea jambo moja tu: Katunge. Malkia wa nyimbo za injili za Kikamba, ameshtakiwa kuiba tangi la maji la kanisa letu. Lita elfu kumi! Tangi lilipotea Agosti. Septemba likaonekana tangi jipya nyumbani kwake. Sasa hapo kuna nini cha kuuliza? Hukumu ni Alhamisi.

Mimi sina kinyongo naye. Ni kweli mwaka juzi nilimpelekea nyimbo kumi na nne nilizotunga mwenyewe, akazirudisha na salamu kwamba Bwana anibariki katika kazi nyingine. Nimeshasamehe. Ana hatia.

Mbula, mke wangu, anaimba katika kwaya yake. Tulikubaliana tusiongee mambo ya kesi tukila. Sasa ni siku ya nne tunakula kimya.

Redio inasema ng'ambo kesi zingine huamuliwa na watu kumi na wawili wa kawaida. Huku kwetu ni hakimu mmoja, tena si mtu wa hapa. Nimechoka kuamuliwa. Nina mpango.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya soko. Niliweka ndoo mbili mbele ya viatu vya mtumba ninavyouza. Anayeona Katunge ana hatia, atie konzi moja ya ndengu. Anayeona hana, konzi ya mahindi. Kwa nini ndengu ziwe za hatia? Kwa sababu kila mtu anajua ni mwizi, na jioni ningekuwa na mbegu ya kutosha shamba lote. Haki na mbegu kwa siku moja. Nani mwingine Migwani angefikiria hivyo?

Matokeo: hana hatia, gorogoro saba za mahindi, makopo ya kilo mbili mbili. Ana hatia: ndengu hazikufunika hata sakafu ya ndoo.

Aiii!

Mutie, anayeuza majembe mkabala na mimi na ambaye kazi yake kubwa ni kumtetea Katunge, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Susu mmoja, bibi kizee wa hapa sokoni, akanihurumia. Aliniambia Katunge ni mwizi, hilo halina ubishi, lakini ni nani atamwaga ndengu mvua ikiwa imeshanyesha? Mahindi ya kula yapo. Ndengu ni mbegu.

Kumbe kura ziliharibika. Nimefuta uchaguzi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimerudia. Safari hii mahindi ni hatia.

Ana hatia: gorogoro sita. Hana: konzi tatu za ndengu. Watu ni wale wale wa jana! Mutie akasema hakuna aliyebadilisha mawazo, ni ndoo tu zimebadilishwa. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani.

Konzi mbili zilikuwa za Mutie. Ya tatu niliiona ikiingia, na ule mkono naujua, nimeuvisha pete mwenyewe. Mbula alikuwa ameazima ndengu kwa jirani. Hakuniangalia.

Nilipanda juu ya kiti nikatangaza: Migwani imeamua, Katunge ni mwizi. Wakapiga makofi. Nikiri hapa, ambapo hakuna anayesoma: ilikuwa tamu.

Nyumbani Mbula aliniuliza kama naamini hayo kwa kweli, au ni kwa sababu ya zile nyimbo. Nikamwambia wananchi wamesema. Akasema hakuwauliza wananchi, ameniuliza mimi.

Nikajifanya nafunga dirisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Mbula ameondoka alfajiri kwenda Matinyani, kwa kaka yake Kyule. Amechukua nguo zote za kanisani. Si safari ya siku mbili hiyo.

Nilienda kortini na gunia la mahindi, ushahidi wa umma. Askari mlangoni akauliza kama nimeletea mahabusu chakula. Nikamweleza ni kura. Akaniambia niziache nje pamoja na baiskeli.

Hakimu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisoma pole pole. Shahidi mkuu, mlinzi wa kanisa, alikuwa ameapa kwamba tangi la Katunge ndilo la kanisa kwa sababu ni jeusi. Hakimu alisema alimuuliza kama amewahi kuona tangi la rangi nyingine Kitui nzima. Akajibu hapana. Tena Katunge alileta risiti yenye namba iliyo kwenye tangi. Hana hatia. Nenda nyumbani, mama.

Dakika ishirini! Sisi tulichukua siku mbili.

Nikatoka nje. Mbuzi wawili walikuwa wamemaliza nusu ya maoni ya umma.

Jumamosi, 8 Novemba

Wote waliomwaga mahindi sasa wanasema walijua tangu mwanzo. Susu wa Jumanne amenunua picha ya Katunge. Wananiangalia mimi tu, utadhani nilipiga kura za gorogoro sita peke yangu.

Mutie hakucheka leo. Aliniuliza kama nimekula. Hiyo iliniuma zaidi.

Nimekula isyo ya juzi, mahindi na maharagwe yaliyolala. Nyumba ni kubwa kumbe. Namkosa Mbula, basi, nimesema.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeenda Matinyani na mbuzi, kama inavyotakiwa mtu akimfuata mke aliyerudi kwao. Wakwe walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi. Nikawahesabu. Kumi na wawili!

Wakanisikiliza. Nikaeleza habari za ndengu, bei yake, mvua, askari. Kyule akasema shemeji, hayo yote ni ya soko, niseme yangu. Nikasema kama kuna mtu yeyote aliyeumizwa na mahindi, basi poleni. Mama mkwe akafunga macho.

Hawakutoka hata nje kushauriana. Nina hatia. Mbuzi amebaki. Niende kwa Katunge nimwombe msamaha mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mbula akasema akisikia nimefanya hivyo, atafikiria. Macho yake yalikuwa mekundu. Kidogo tu niseme neno la maana.

Nimerudi bila mbuzi na bila mke.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilijitayarisha kwenda kwa Katunge. Nikavaa shati. Nikafika barabarani, nikafikiria.

Watu kumi na wawili wa tumbo moja! Hiyo ni haki? Kesi kama hii inataka wananchi. Nikarudi nyumbani nikafungua kura kwenye grupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Migwani: Mbula arudi kwa mumewe, ndiyo au la? Hakuna ndoo, hakuna mbuzi. Sijui kwa nini sikuanza na simu.

Saa kumi jioni: ndiyo thelathini na moja. Hata Mutie. La, moja.

Nikabonyeza kuona ni nani huyo. Ni Mbula. Nilisahau yumo kwenye grupu.

Lakini ni kura moja tu. Thelathini na moja kwa moja! Hakuna korti itakayopindua hiyo. Nimefagia nyumba, nimeinjika chai ya watu wawili.