Mtu wa Jaketi Kwenye Mazoezi ya Tishari

Leo nimejivua nguo mbele ya Magogoni nzima. Nguo ninazo, msianze kuulizana. Kilichobaki uwanjani ni heshima yangu, na sidhani kama kuna mtu ataniokotea.

Nawaelezea mwenyewe kabla Mwanaisha hajawaelezea, maana yule ataongeza chumvi. (Na chumvi ilikuwepo kweli. Mtaiona.)

Mwajua mimi ni shabiki wa Tishari FC. Tena si shabiki wa siku ya mechi tu. Mimi hata mazoezi naenda! Ligi ya mtaa haijaanza, wachezaji bado wana vitambi, wazunguka uwanja wakihema, na mimi nishakaa pembeni naangalia nani kanenepa. Mechi mtu yeyote aweza kutazama. Mazoezini ndipo wamjua mchezaji: nani akata kona akidhani kocha haoni, nani afunga kamba za viatu mara sita ili apumzike.

Mwaka huu nilikuwa na sababu kubwa zaidi. Ndugu yangu mdogo, Charo, anajaribiwa na Tishari. Charo ana miaka kumi na tisa, kamaliza shule, na kwa sasa apasua mawe kule Mwakirunge siku wakimwita. Siku wasipomwita alala chali atazama mabati. Kijana huyu hana kingine ila mpira. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio, na Kocha Saidi alisema jioni atasoma majina. Nilitaka jina la Charo lisomwe hadi nikaamka kabla ya jogoo.

Sasa, mimi ni mtu wa shaka. Sikatai. Mama husema hata soda nikipewa nainusa kwanza. Lakini nina sababu! Msimu uliopita, siku ya kucheza na Winchi FC wa Changamwe, tulikuta kuku mweusi kafa nyuma ya goli letu. Tukafungwa tatu. (Wapo wasemao kuku aligongwa na tuktuk. Haya. Tuktuk gani hupita nyuma ya goli?)

Basi saa tisa nimefunga kibanda changu, huyo, uwanjani. Mvua ilinyesha asubuhi, mchanga umelowa, kila apitaye aacha nyayo. Nikakaa kando ya Mwanaisha, muuza viazi karai, shabiki mwenzangu, na ndiye hunitia maneno. Sijamaliza kiazi cha kwanza, nikamwona.

Mtu mzima. Kavaa jaketi. Mombasa hii! Watu wavua mashati, yeye kafunga zipu hadi shingoni. Kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Mfuko mweusi kaukumbatia kifuani. Na kakaa peke yake upande wa jua, ilhali kivuli kipo, tena kikubwa.

"Mwanaisha, yule nani?"

"Simjui. Hajanunua hata kiazi."

"Hata kimoja?"

"Nilimpa aonje ukwaju tu, bure. Kakataa."

Hapo moyo wangu ukakaa vibaya. Mtu aje mazoezini asile viazi, asipige kelele, asimtukane beki hata kidogo? Huyo hakuja kwa mpira.

Nikaanza kumchunguza. Alikuwa na kijitabu. Winga akipiga chenga, haandiki. Kipa akidaka, haandiki. Charo akigusa mpira tu, kalamu hiyo! Charo kagusa tena. Kaandika tena. Charo kapiga shuti, likapaa juu ya goli, likaangukia shuka la mtu kwenye kamba. Kaandika! Sasa hilo nalo laandikwa la nini?

"Ni wa Winchi huyo," nikasema.

"Wametuma mpelelezi," Mwanaisha akasema.

"Mpelelezi jaketi la nini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyelitaja lile neno.

(Nieleweke. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili. Mambo yale siyaamini. Lakini siyaamini nikiwa kanisani. Uwanjani ni mambo mengine.)

Saa kumi Kocha Saidi akapuliza filimbi ya mapumziko, akaenda kuswali alasiri. Charo akaja pembeni, akavua njumu, akamwaga mchanga ulioingia ndani. Njumu zenyewe si zake, kaziazima kwa rafiki, na mbele kazisindilia vitambaa nilivyompa mimi. Akatembea peku hadi kwenye ndoo ya maji. Nyuma yake nyayo zimejichora vizuri kwenye mchanga, kidole kwa kidole.

Mtu wa jaketi akainuka. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. (Mwenye nia njema hutazama hivyo akivuka barabara tu.) Akaenda moja kwa moja alikopita Charo, akachutama. Akatia mkono mfukoni, akatoa uzi.

Mwekundu.

Akaulaza juu ya unyayo wa ndugu yangu, kutoka kisigino hadi kidole gumba. Akafunga fundo. Akaugeuza, akapima upana wa unyayo. Akafunga fundo la pili.

Jamani. Kila mtu aliyelelewa kwetu aambiwa hivi angali mdogo: usiache mtu achezee nyayo zako. Zikifungwa nyayo, imefungwa miguu. Hutembei ukafika, sembuse kukimbia. Nikamwona Charo wangu kwenye mawe ya Mwakirunge mpaka azeeke. Damu ikanipanda.

"Weee! Wacha mguu wa ndugu yangu!"

Sijui nilifikaje. Leso ilibaki kwa Mwanaisha, kandambili moja ilibaki njiani. Nikamnyang'anya ule uzi mkononi, nikautia mdomoni, nikaukata kwa meno vipande vipande nikavitema. Kisha nikaufuta ule unyayo kwa miguu miwili. Kisha nikaona kwa nini nibahatishe, nikazifuta zote, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye ndoo ya maji. Walioniona kwa mbali wanasema walidhani nacheza ngoma.

Watu wakajaa. Wachezaji, mashabiki, hadi mwenye lile shuka. Mtu wa jaketi kasimama tu, hakimbii. Nalo hilo nikalishuku. Mwizi hukimbia, lakini hawa wengine hujiamini.

"Afungue mfuko!" nikaamuru.

Akaufungua mwenyewe, taratibu. Cha kwanza kutoka: yai.

"Yai!" Watu wote hatua mbili nyuma.

Cha pili: karatasi iliyosokotwa, ndani yake unga mweupe. Cha tatu: chupa, ndani yake maji meusi tititi. Hapo Mwanaisha, aliyekuwa nyuma yangu na karai lake kichwani, akalitaja lile neno kwa sauti ya kusikika hadi Kongowea.

"Mganga!"

"Dada," yule mtu akaniambia, wala hakupandisha sauti, "hili ni yai la kuchemsha."

"Kula tuone!"

Akalimenya. Akafungua ile karatasi. "Na hii ni chumvi yake." Akachovya, akala. Uwanja mzima wamtazama mtu mmoja atafuna yai. Mimi nangoja ageuke kitu.

"Na hiyo chupa?"

"Kahawa."

"Kunywa!"

Akanywa. Akafuta mdomo. "Ahsante. Yai lilikuwa limenikwama."

Mtu mmoja akacheka. Nikamkata jicho.

"Na jaketi?"

"Nina malaria, dada. Nimeambiwa nilale, nikaona nije kwanza. Hata viazi vya huyu bibi nimevitamani, tumbo lakataa."

Mwanaisha akaniambia sikioni, "Maskini." Yaani kashahama! Lakini mimi bado nilikuwa na turufu yangu. Yai sawa, kahawa sawa, homa sawa. Uzi je? Nikajishika kiuno.

"Tuambie sasa. Uzi wa nini kwenye mguu wa mtu?"

Akanitazama kidogo. "Wewe kazi yako nini, dada?"

"Fundi cherehani." (Tena kwa maringo, kidevu juu.)

"Wateja wawapima kwa nini?"

"Kwa futi."

"Na futi ikipotea?"

Mkono ukanienda shingoni, hapo futi ikaapo siku zote.

Kabla sijajibu, rafiki yangu kipenzi, tuliyekula naye ukwaju miaka yote, akanijibia mbele za watu: "Hupima kwa uzi! Tena afunga fundo asisahau. Dera langu la Idi alinipima hivyo hivyo!"

Loo. Kicheko kilichopigwa pale sijakisikia hata tukifunga goli. Na katikati ya kicheko nikamwona Kocha Saidi aja mbio kutoka msikitini, suruali ingali imekunjwa, maji ya udhu bado yamtiririka kwenye ndevu. Nikashukuru. Nikasema huyu ndiye atakayenitoa.

Kocha akawapenya watu, akafika mbele ya mtu wa jaketi, akainama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Saidi. Mashabiki wako ni wakali."

Kumbe huyu ni Mwalimu Bakari, aliyemfundisha Kocha Saidi mpira tangu Saidi hajaota hata ndevu, na siku hizi ndiye atafutaye vijana wa kupeleka timu ya Ligi Kuu. Kocha ndiye aliyemwita. Alimwita aje amwone mchezaji mmoja tu, na akaficha asimwambie mtu, maana kijana akijua kwamba atazamwa, miguu humtetemeka.

Mchezaji mwenyewe mwamjua.

"Nilimwambia Saidi amuulize avaa kiatu namba ngapi," Mwalimu akaeleza, sasa aongea na watu wote. "Kijana akasema tisa. Nikamtazama akikimbia, kiatu kinamtoka. Nikajua hiyo ni namba ya mwenye kiatu. Vijana wengi huona haya kusema wameazima. Basi nikangoja avue, nipime unyayo. Nilitaka Jumatatu nimletee njumu zake mwenyewe."

Nikageuka kumtazama Charo. Alikuwa amesimama pale kwenye ndoo, peku, kata ya maji mkononi. Hakunitukana. Alinitazama tu, na nikajua afikiria nini: kwamba kitu pekee alichokuwa nacho, dada yake kakifuta kwa miguu. Afadhali angenipiga kwa ile kata.

Nikapiga magoti. Nawaambieni kweli, magoti yote mawili, kwenye mchanga uliolowa.

"Mwalimu, niwie radhi. Kosa ni langu peke yangu. Kijana hana hatia, usimwache kwa ajili yangu."

"Radhi nimekupa," akasema. "Ila kipimo changu umekitafuna."

Watu wakaanza kucheka tena. Yeye akatia mkono mfukoni, akatoa kibunda kizima cha uzi ule ule mwekundu, akaniwekea kiganjani.

"Haya, pima. Wewe ndiye fundi."

Charo akaja akasimama mbele yangu. Nikapima mguu wa ndugu yangu mbele ya Tishari yote, magoti chini, leso sina, kandambili moja. Mwanaisha katoa simu arekodi. (Mwanaisha, nikifa usije matangani.) Mtu akapiga kelele kule nyuma, "Fundo usisahau!" Nikafunga fundo.

Mwalimu akaupima uzi ule kwenye kijiti alichokitoa mfukoni, kimechorwa namba za viatu.

"Saba."

Saba! Wiki tatu nzima ndugu yangu kakimbia na viatu vilivyomzidi namba mbili, avivuta, na bado kawapita wote. Mimi nilikuwa pale pembeni kila siku, natafuta mchawi. Hapo nililia kidogo. Msiniulize zaidi.

Kocha akasoma majina ya Tishari. La Charo halikuwemo. Nilipotaka kufungua mdomo, kocha akaninyooshea kidole kabla sijatoa hata neno. "Huyu simweki kwenye orodha yangu. Mwalimu kamtaka. Jumatatu saa tatu aende kwa ile timu ya Ligi Kuu akajaribiwe."

Watu wakamrukia Charo wakambeba juu juu. Mimi nikabaki na kandambili yangu.

"Aje na mkubwa wa familia, kuna karatasi za kutia sahihi," Mwalimu akasema.

"Nitamleta mimi!" nikasema haraka.

Akanitazama. Akavuta zipu ya jaketi hadi juu kabisa.

"Mama yenu yuko hai?"

"Yuko, Mwalimu, tena mzima."

"Basi aje mama."

Hivi sasa mama ananyoosha dera lake la Jumatatu, na leo ndio kwanza Alhamisi. Charo kajifungia ndani apiga danadana na soksi. Video ya Mwanaisha imeshafika kwenye kundi la kwaya, na mwalimu wa kwaya kauliza kama kuna atakayehitaji maombi. Msinicheke. Na kama hamwezi, chekeni bila kunitumia zile picha za kuku mweusi.

Mimi nimejifunza, wallahi. Sishuku mtu tena. Nimekaa hapa kizingitini nawaandikia, na kuna pikipiki imepita mbele ya nyumba yetu mara mbili, polepole. Simtuhumu mwendeshaji kwa lolote. Nimeandika namba yake tu.