Daktari Aonje Kwanza

Rodgers Kaloki hakuwa na ugonjwa wowote siku alipopanga foleni kwenye duka la dawa pale Machakos mjini. Aliingia kujificha tu. Ng'ambo ya barabara alikuwa anapita mama mmoja wa Kangundo ambaye msimu uliopita alinunua kwake mbolea ya parachichi iliyokuwa, kusema ukweli, majivu ya jikoni.

Mbele yake kwenye foleni alisimama Kavindu, muuza nafaka, akiwa ameinamia kaunta na kusema kwa sauti aliyodhani ni ya chini. Mtu aliyeuza sokoni miaka yote hana sauti ya chini.

"Hii dawa ya kijana wangu Musili, ya ADHD, ile shida ya kichwa kukosa kutulia, lazima akunywe kila siku ya shule? Kuna mtu ameniambia naweza kumpatia siku ya mtihani peke yake, zingine niweke."

"Hiyo uliza daktari aliyeandika, mama," alijibu mhudumu. "Usibadilishe mwenyewe. Na usipee mtu mwingine, hata akulilie."

Maneno ya mhudumu yalikuwa mazuri, lakini hakuna aliyeyasikia. Mzazi wa mtoto wa kidato cha nne akisikia "dawa" na "mtihani" katika sentensi moja, masikio huziba hapo hapo. Nyuma ya Kavindu shingo za akina mama zilirefuka moja baada ya nyingine. Mama Nthambi, mke wa mwenye duka la mabati, alikuwa amekuja kununua plasta ya kidole. Alikisahau kidole kikadondosha damu kwenye kiatu chake.

Mjinga angemwangalia Kavindu. Rodgers aliziangalia shingo.

Alimfuata Kavindu nje, akasimama mbele yake na kalamu mbili mfukoni mwa shati. Mtu wa kalamu moja ni karani, lakini wa kalamu mbili huitwa daktari na hakuna anayemuuliza alisomea wapi.

"Mwaitu," alimwita, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi, "nimesikia shida yako na nimeumia roho. Mimi ni daktari wa vichwa vya wanafunzi. Huyo kijana wako anakula vizuri?"

Kavindu alishtuka. "Siku za shule hata chakula cha mchana hagusi. Amekonda. Na majirani wanasema nampatia mtoto dawa ya wazimu."

"Si unaona? Dawa ikizoeleka inachoka. Anakunywa siku ya mtihani, basi. Zile zingine unaniachia niweke kwa friji maalum, kwa sababu zikikaa kwa nyumba zinapoteza nguvu. Kwani mvua imenyesha kwenu? Niko na mjomba kule Ndithini, aki huyo mzee, ng'ombe wake alikula redio... Simu yangu iko wapi?"

"Iko kwa mkono yako, daktari."

Hivyo ndivyo alivyokuwa Rodgers. Alianza jambo hili akarukia lile, mguu ukicheza, mikono ikipapasa mifuko. Polisi wawili walishamhoji wakachoka, maana hata yeye hakujua sentensi yake ingeishia wapi. Kavindu alidhani ni wingi wa elimu. Akampa chupa yote, wakapeana na namba za simu.

Jioni Musili alirudi kutoka shule, akaulizia dawa ya kesho. Mama yake alimweleza kwa furaha juu ya friji maalum. Uso wa kijana ukabadilika.

"Mum, umepeana dawa yangu?"

"Sijapeana. Zimewekwa. Utakunywa siku ya mtihani."

"Mtihani ni kuandika kitu umesoma hizo siku zingine! Nikienda darasani bila dawa, mwalimu anaongea na mimi nahesabu mabati ya paa. Mimi nilitaka tumuulize daktari wa kliniki kama naweza kupumzika Jumamosi na Jumapili, nikule kama watu. Tungemuuliza pamoja. Sasa umeenda kuuliza mtu wa barabarani?"

Alifungua kitabu cha kemia, akasoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kuvuka kwenda wa pili, akakisukuma mpaka kikaanguka. Kisha akalia, yeye na ndevu zake zinazoanza kuota. Kavindu aliona aibu kubwa. Ile chupa ilikuwa ya kumfikisha kijana hadi siku ya kliniki, na bila yeye kwenda tena kwa daktari hakuna mahali angepewa nyingine. Alipiga simu ya Rodgers. Mteja hapatikani.

Lakini mwenye tamaa hurudi mwenyewe. Kesho yake Rodgers alipiga kwa namba nyingine. Alikuwa amewatafuta wale wa shingo ndefu, wakakubali wote kununua dawa ya mtihani, bora tu wamwone mama ambaye mtoto wake ameshaitumia. Je, Kavindu angekubali wakutane kwa stoo yake Jumamosi, atoe ushuhuda kidogo?

"Karibu sana, daktari," alisema Kavindu kwa sauti ya asali. "Nitachinja mbuzi."

Jumamosi asubuhi akina mama waliketi kwenye stoo nyuma ya soko, katikati ya magunia ya ndengu ambazo Kavindu alitakiwa kuzipeleka shule moja ya bweni Jumatatu, na bado zilikuwa na mawe tele. Rodgers alifika na koti jeupe. Nje alimwacha Mike, mwenzake wa boda boda, aliyeambiwa asizime pikipiki. Chupa ya Musili iliwekwa mezani, na kando yake kiondo cha kupokea pesa. Kila mama alitumbukiza zake akiangalia pembeni, kana kwamba ni sadaka.

"Kabla hujagawa," alisema Kavindu, "wewe ni mtu wetu, unajua desturi. Kwetu mwenye kuleta kibuyu ndiye anaonja kwanza, watu wajue hakuna kitu mbaya ndani. Daktari aonje kwanza."

"Aonje!" waliitikia wote. Ukambani hakuna anayebishana na jambo hilo, maana anayekataa kuonja ameshajibu.

Hapo ndipo Kavindu alipomtegea. Alijua tapeli atakataa, watamshuku, na chupa itarudi. Hesabu nzuri, isipokuwa hakumjua Rodgers, aliyekuwa ameshakula mbolea yake mwenyewe mbele ya wateja wa Kangundo. Alichukua kidonge, akakirusha mdomoni, akashushia na maji, akatoa ulimi nje wauone. Akina mama walipiga makofi. Kavindu moyo ukamwanguka.

"Basi tugawe!" alisema Mama Nthambi.

"Tule kwanza," alisema Kavindu haraka, kwa kukosa la kusema. "Mbuzi iko karibu kuiva. Biashara na njaa haziendani."

Rodgers, aliyependa nyama kuliko uhuru wake, alikubali. Akaketi. Akasimulia juu ya mjomba wa Ndithini, akaruka kwenye bei ya mafuta, akarudi kwa ng'ombe, akatafuta simu. Musili, aliyekuwa akipepea moto mlangoni, alimtazama kwa muda akamnong'oneza mama yake.

"Mum, huyo mtu ni kama mimi."

Kavindu alimwangalia upya. Mguu unaocheza, sentensi zisizo na mkia, simu inayopotea mkononi: mbona aliishi na hayo yote nyumbani kwake tangu Musili ajifunze kutembea? Akaanza kungoja. Mama huyu hakujua kemia, lakini alijua dawa inavyomshika mwanawe asubuhi akivaa soksi.

Nyama ilipokuwa bado motoni, mguu wa Rodgers ulitulia. Mikono ikaacha mifuko. Hadithi ya ng'ombe na redio ikafika mwisho wake kwa mara ya kwanza tangu ianze kusimuliwa, na ikawa fupi.

"Daktari," alisema Kavindu kwa upole, akimwekea ungo wa ndengu magotini, "tukingoja nyama, si unisaidie kidogo?"

Rodgers alitoa jiwe moja. Akatoa la pili. Akaona ndengu iliyooza imejificha chini ya nzima, akaitoa, na kitu ndani ya kichwa chake, kitu kilichopiga kelele tangu utotoni, kikanyamaza. Alivuta ungo karibu.

Nyama ililetwa. Hakuigusa. "Kuleni tu," alisema. "Mdomo umenikauka. Niletee ungo ingine."

Nje Mike alipiga honi. "Ngoja kidogo," alijibu Rodgers bila kuinua macho. Mike akapiga tena, mara hii ndefu. "Nimesema ngoja! Niko katikati!"

Kavindu alisogeza kiti chake. "Daktari, unafanya kazi hospitali gani?"

"Mimi si daktari," alisema Rodgers, akichunguza punje. "Hii ina mdudu."

Vijiko vilisimama hewani.

"Na hiyo friji maalum?"

"Hakuna friji. Nilikuwa nauzia hawa mama moja moja, halafu Mike anibebe tupotelee Nairobi." Akaipuliza punje nyingine. "Angalia hii jiwe, imefanana na ndengu kabisa. Hiyo ndiyo hatari."

Tuwe waungwana tumtetee. Uongo unahitaji mtu wa kushika kamba kumi kwa pamoja, na siku hiyo Rodgers alikuwa ameshika moja tu, nayo ilikuwa ya ndengu.

Stoo ililipuka. Kiondo kilipinduliwa na kila mkono ukatafuta chake. Mama Nthambi alisimama mlangoni akaanza kuwaita vijana wa boda boda waje na matairi ya kumchomea. Mike aliposikia neno matairi aliondoka kwa kasi ambayo pikipiki ile haikuwahi kufikia. Rodgers alisogeza kiti apate mwanga zaidi.

"Hakuna mtu atamgusa!" Kavindu alizuia mlango kwa mwili wake wote. "Kwangu hamtaua mtu. Na pia bado gunia mbili."

Akachukua chupa mezani, akamkabidhi Musili. Akina mama walianza kutoka, wakijifunga leso zao taratibu bila kutazamana. Mama Nthambi ndiye aliyebaki nyuma, akamvuta Kavindu kando.

"Lakini Kavindu, si imemtuliza kweli? Niuzie mbili tu za Nthambi."

"Ni za Musili. Kama Nthambi ako na shida, mpeleke kwa daktari apimwe. Kama hana, mwambie asome."

Jua lilipoanza kuteremka Rodgers aliinua kichwa. Shingo ilimuuma, njaa ilimvamia ghafla, mguu ukaanza tena kucheza. Mbele yake palikuwa na magunia yaliyoshonwa na mlima mdogo wa mawe.

"Nani amemaliza hii yote?"

"Ni wewe."

"Mimi?" Macho yalimjaa maji. "Mimi sijawahi maliza kitu. Shule niliacha, ufundi niliacha, hata kwa kwaya nilifukuzwa. Mama yangu alikuwa ananichapa ati ni uvivu." Akapangusa uso kwa koti jeupe. "Mwaitu, nisamehe. Niuzie hiyo dawa. Moja tu, ya kutumia nikiwa na kazi kubwa."

Kavindu alimhurumia kwa dhati, na alimwambia ukweli bila kuficha. "Nenda hospitali ya kaunti. Sema vile umeniambia. Watakuuliza maswali, watakupima, na kama ni yako watakupatia na kukufuatilia. Hii ya mtoto siwezi kukupea. Hata hiyo umemeza leo ingekudhuru, bahati yako."

"Foleni ya huko inamaliza siku nzima!"

"Nenda hata hivyo."

"Mwaitu, hakuna njia ya mkato?"

Kavindu alimtazama, akashusha pumzi. Ukweli aliutoa bure, mara mbili, na mtu aliukataa. Alienda kona ya stoo akarudi na kikaratasi kilichosokotwa, akakishika kwa vidole viwili kama kitu kitakatifu.

"Iko hii ya unga. Ni kali kushinda vidonge. Lakini si ya kila mtu."

Rodgers aliivua saa yake ya mkononi, kitu pekee alichowahi kununua kwa njia halali, akaiweka mezani kabla hajaulizwa bei. Akakinyakua kikaratasi, akakiingiza ndani kabisa ya soksi, akatoka akikimbia kabla mama huyu mshamba hajagundua amepunjwa.

Musili alitoka nyuma ya magunia na mfupa wa mbuzi mkononi. Ilikuwa Jumamosi bila dawa, na alikuwa amekula tangu mchana.

"Mum, umempatia nini?"

"Unga wa wimbi," alisema Kavindu, akijaribu saa mkononi. "Jumanne tunaenda kliniki. Utamuuliza daktari mwenyewe, mimi nitakaa kando ninyamaze."

"Utaweza?"

"Nitajaribu," alisema, na ile saa ikamkaa vizuri.