Malkia Aliyepigwa Pasi

Jumatatu, 4 Septemba 1967

Leo nimeamka dobi. Si muda mrefu nitakuwa tajiri!

Yule Mzungu wa kiwanda cha pamba alikuja kuchukua mashati yake. Akamwona Ogola, fundi cherehani tunayegawana naye baraza, ameshika noti ya zamani, zile zenye sura ya Malkia. Mzungu akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akaigeuza, akamlipa Ogola mara tatu ya thamani yake! Anazikusanya, alisema. Anazipanga kwenye albamu kama picha za harusi. Lakini anataka noti safi tu.

Safi! Nani katika Kisumu nzima anajua usafi kunishinda mimi, Waliaula?

Ogola ameringa mchana kutwa. Amenunua soda akainywa polepole mbele yangu.

Jumatano, 6 Septemba

Bahati ina miguu. Seline, mjane anayeuza samaki Dunga, alinijia na kopo. Ndani yake shilingi mia nne, zote za Malkia! Marehemu mumewe Oduor alizificha juu darini kabla ziwa halijamchukua. Benki imetangaza kwamba noti hizo zinakaribia kufa, hazitapokelewa tena, na Seline anaogopa makarani. Waliwahi kumfokea kwa sababu ya harufu ya samaki. Akaomba nikambadilishie, maana mimi nimesoma. Atanunua mbao za kuziba mtumbwi na kumlipia bintiye Anyango karo.

"Baba Elsie," alisema, "hiki ndicho Oduor alichoniachia."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Niliguswa sana. Papo hapo nikaamua kumtendea wema mkubwa kuliko aliouomba.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimezifua. Sabuni ya mche, maji vuguvugu, wanga kidogo. Nasipwondi, mke wangu, aliuliza ninaanika nini chumbani. Nikasema leso za Mzungu. Kisha pasi ya makaa. Malkia amenyooka kama askari wa gwaride! Mmoja ameungua shavu, lakini kidogo tu.

Pigo: Mzungu amesafiri. Akirudi, siku ya mwisho ya benki itakuwa imepita. Nilitoka jasho. Halafu nikafikiri. Watu wote watapeleka noti zao benki. Zangu zitabaki peke yake. Kitu kikiadimika, bei hupanda! Nimemwona hata Ogola amepanga foleni na zake. Masikini, hana akili ya biashara.

Seline alipita kuuliza. Nikamwambia karani anaumwa.

Jumatatu, 18 Septemba

Mzungu amerudi.

Aliinua noti ya kwanza kwenye mwanga. Akainusa. Akauliza nani amezifua. Mimi, nikajibu, kifua mbele. Alicheka, kisha akanitazama usoni akaacha kucheka. Akaeleza taratibu. Noti safi ni ile ambayo haijakunjwa wala kupita mikononi mwa watu. Hizi zilishachakaa kabla sijazifua, na sasa rangi imepauka na karatasi imekauka kwa wanga. Hataki hata moja. Akaniuliza kwa nini sikuzipeleka benki.

Nilikimbia benki. Muda umekwisha, alisema karani. Nilimbembeleza. Nilimwita Mzee, na yeye ni kijana hata ndevu hana. Akazisukuma zinirudie kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayeondoa mende mezani.

Jumatano, 20 Septemba

Seline amekuja. Nilimweleza yote, isipokuwa kufua, kupiga pasi na kuchelewa. Nikailaumu serikali. Ogola, aliyekuwa anasikiliza huku anajifanya anatunga uzi, akamweleza yaliyobaki. Mshenzi!

Nilingoja apige kelele. Yeye alizitandaza noti mezani, akazipapasa moja moja, kisha akaziinua puani.

"Zilikuwa na harufu ya nyumba yetu," alisema. "Baba Elsie, hata hiyo umeitoa?"

Nikampa pasi yangu aende nayo. Akaniuliza atakula pasi? Akaiacha barazani.

Jumamosi, 23 Septemba

Mtumbwi wa Oduor umeuzwa, kwa bei ya kuni. Anyango ametolewa shule, amepelekwa Kisian kulea watoto wa watu. Nasipwondi hasemi nami. Ananipakulia ugali, kisha anaondoka na sahani yake kwenda kula kwa jirani. Binti yetu Elsie anamfuata.

Nililia leo. Kweli nililia, juu ya shati la mteja, ikabidi nilifue upya. Nimeapa sitashika tena noti iliyokufa.

Jumapili, 24 Septemba

Kumbe kosa langu lilikuwa dogo sana!

Baharia mmoja wa meli ya bandarini ameleta sare zake. Anasema Zambia nao watabadilisha pesa zao mwakani. Anazo noti zao za pauni, nyingi, na anaziuza kwa bei ya kutupa. Hizi hazijafa. Ni wagonjwa tu! Nikizishika mapema, zikifa nitakuwa nimeshatangulia. Na sitazifua ng'o. Nitazipiga pasi tu, bila wanga.

Meli inaondoka jioni. Nasipwondi ndiye mweka hazina wa akina mama wa kanisa, na sasa hivi wote wako mazishini. Michango yao nimeipata nyuma ya gunia la mkaa. Nimeichukua yote.

Watafurahi mno wakijua!