Ndege ya Guka Kingori

Jumatatu, 3 Juni
Kutoka Sagana hadi Nyeri hakuna kichwa kama changu. Mlima Kenya wenyewe ungekwama, ungeniomba ushauri. Shule niliacha kidato cha pili, walimu walikuwa wameishiwa na maswali. Leo nimeanza kufufua studio ya picha ya marehemu guka, babu yangu. Tangu azikwe inafunguliwa Jumapili tu, Cucu Wakiuru, mjane wake, akitoka kanisani, akae humo kidogo. Vumbi! Panya! Mimi naona biashara. Cucu akanipa ufunguo, akasema, mzee wangu, usiharibu kitu. Ananiita mzee wake kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la guka, Kingori. Niko na mke wa miaka themanini na moja. Nani mwingine anaye?

Jumanne, 4 Juni
Niliweka picha za zamani mtandaoni. Wendy wa Nairobi, mpangaji wa harusi, amepiga simu! Ameona ule ukuta ambao guka alichora ndege, watu wakipigwa picha mbele yake kama wanaoenda Ulaya. Anakuja Ijumaa. Akipendezwa, ataleta maharusi kila wikendi. Muriithi, kinyozi wa mlango wa pili, akasema ati hata panya watanihama. Wivu, bana.

Jumatano, 5 Juni
Ndege imepauka. Bawa moja limebambuka. Mgeni aone aibu hiyo? Nimepaka ukuta wote rangi nyeupe, mara mbili. Unang'aa kama jino la mtoto. Muriithi alichungulia, akashika kichwa, akaenda bila kunitukana. Nimemweza!

Ijumaa, 7 Juni
Wendy akauliza ndege iko wapi. Nikamwonyesha weupe. Akasema ukuta kama huo uko hata chooni kwake. Hakungoja chai.

Jumamosi, 8 Juni
Hakuna shida. Nimechora ndege yangu. Muriithi akauliza kama ni samaki ama kiazi. Hajasoma, huyo.

Jumapili, 9 Juni
Cucu amekuja. Macho yake yamechoka, kwa hivyo ukuta huuona kwa kiganja. Rangi ya guka ilikuwa nene. Akapapasa, akapapasa. Akauliza mlango uko wapi. Mlango gani, Cucu? Akasema guka alimwahidi kumpandisha ndege, na hakuwahi kupata nauli. Ndipo akamchorea mlango, akauacha wazi.

Sikuwahi kuuona huo mlango. Miaka yote hiyo.

Hakulia. Alisema tu, Kingori, twende nyumbani.

Jumatatu, 10 Juni
Wazo kubwa! Nitapaka ukuta wote rangi ya samawati. Nitawaambia wageni hiyo ni mbingu, ndege imesharuka. Wendy atarudi mbio. Nimeenda kuomba ufunguo tena, na Cucu amenipa. Hakusema nisiharibu kitu.

Maharusi watapatikana. Muriithi atanyamaza. Lakini tangu jana Cucu ananiita Kingori, kama anavyoniita kila mtu. Hilo ndilo limeniharibikia.