Chuma Kisichokuwepo Kalioni mwa Eldon Prusak

Inatangazwa kwa umma wote, walio hai na waliofariki wakiwa bado wanasubiri majibu, kwamba Baraza la Kusahihisha Kumbukumbu za Majeraha ya Vita, tawi la Toledo, tangu liundwe halijawahi kusahihisha kosa hata moja. Mwenye haraka ataona hiyo ni aibu. Mwenye kutulia atatambua kwamba baraza lisilosahihisha kitu ni ushahidi wa kumbukumbu zisizo na makosa. Kwa mafanikio hayo mwenyekiti wake, Kanali mstaafu Whitcomb Farley, aliandaliwa karamu ya mchana katika hoteli ya mjini, apewe sahani ya fedha na kupigiwa makofi na watu waliovaa tai.

Mtu mmoja tu alikuwa anaichafua sifa hiyo. Jina lake Eldon Prusak, fundi bomba mstaafu, mtaratibu, mwenye kofia ambayo mkewe Bernadine alishajaribu kuitupa ikarudi nyumbani.

Eldon alipelekwa Vietnam akiwa kijana mwenye nywele. Akarudi nywele zikiwepo, na kipande cha kombora kimejichimbia kwenye kalio la kulia, ndani kabisa, mahali ambapo daktari alichungulia, akaguna, akasema kiachwe kilale. Hilo ndilo lililotokea. Lililoandikwa ni kwamba alikalia uma.

Wala hapakuwa na uzembe. Siku ile hema la madaktari liliungua pamoja na karatasi zote za majeruhi, wakahamia hema la chakula. Huko fomu pekee zilizopatikana zilikuwa za ajali za jikoni. Karani alikuwa mtu wa nidhamu, na fomu ikishauliza swali yeye hujibu. Fomu iliuliza sababu ya kuumia, ikatoa majibu matatu: kisu, mafuta ya moto, uma. Karani akamtazama Eldon aliyelazwa kifudifudi juu ya meza ya kukatia mkate, akapima, akaona uma ndio unaokaribia ukweli. Akaweka alama, mwandiko mzuri, wino usiofutika.

Basi kwa umri wake wote uliobaki, kila Ijumaa kwenye ukumbi wa askari wa zamani wanapokaanga samaki wa ziwani, waliojeruhiwa vitani walipakuliwa kwanza, na Eldon alisimama foleni ya nyuma pamoja na mpiga tarumbeta na yule bwana aliyepigana vita nzima akiwa stoo ya mablanketi. Wenzake walimtania wakamtania tena. Eldon, kagua kiti kwanza. Eldon, leo tumeweka vijiko tu, kaa kwa amani. Naye alicheka nao, maana samaki ni wale wale, awe wa kwanza au wa mwisho.

Lakini majira yale ya kuchipua daktari aliusikiliza moyo wake kwa muda mrefu kuliko Eldon alivyopenda, na Bernadine, mwanamke wa kujipanga, akaenda kuulizia mambo ya jiwe la kaburi. Jiwe serikali hulitoa bure. Nishani ya majeruhi wa vita ikiwemo kwenye kumbukumbu, inachongwa. Isipokuwemo, haichongwi.

Jioni hiyo Eldon aliweka chini uma wake, pierogi, andazi lake la viazi la kuchemsha, ikiwa imechomwa nusu.

"Sitaki kuzikwa na uma, Bernadine."

"Nani ataandika uma kwenye jiwe, mzee wangu?"

"Hawataandika kitu. Watu watajijazia wenyewe."

Ndipo akaanza kwenda barazani. Baraza lilimpokea kwa heshima zote na kumjibu kwa kina. Liliunda Kamati Ndogo ya Kalio la Kulia. Kamati ilipitia hesabu ya vyombo vya jiko la kikosi chake, ikakuta hakuna uma uliopungua wala uliovunjika jino. Kwa hiyo ikahitimisha kwamba uma uliokaliwa uliondolewa ukiwa mzima, ukaoshwa, ukaendelea na majukumu yake, na kwamba ndani ya mlalamikaji hakuna chuma cha aina yoyote. Eldon alipeleka picha ya eksirei. Ikajibiwa kuwa picha hiyo imepigwa na hospitali ya kiraia, na hospitali ya kiraia haina mamlaka ya kuona vitu vya kijeshi.

Sasa, mlangoni pa jengo la Baraza palikuwa na lango la kukagua vyuma. Mlinzi wake aliitwa Odessa Gaines, mama mpana wa mabega na mpana wa kicheko, ambaye mtu akipita bila kutegewa kitendawili alijisikia hajafanya kazi. Kila Eldon alipopita, lango lililia kama mtoto aliyenyang'anywa pipi. Odessa alimpitishia kile kirungu chake cha kukagulia, kikalia kwenye kalio la kulia, akampungia mkono aende.

"Chuma chako kimenisalimia, Bwana Prusak. Haya, kitendawili."

"Tega."

"Kila kiti ninachokwenda kukalia, namkuta mwenzangu ameshatangulia."

Eldon alifikiri, akajishika nyuma, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Kanali Farley hakupita langoni. Yeye alikuwa na mlango wake wa pembeni, kwa sababu za kishujaa: alikuwa na vipande vitatu vya chuma begani, na hakutaka kuisumbua mashine ya umma. Habari za bega hilo ziliandikwa chini ya picha yake kubwa pale ukumbini. Bega lilitabiri mvua. Lilipouma, mandari ya wafanyakazi iliahirishwa, na jua likiwaka siku nzima watu walisema mvua imeogopa. Kuhusu jeraha hilo kumbukumbu zilikuwa safi kabisa, maana aliyezithibitisha ni mwenyekiti wa Baraza.

Ijumaa ya karamu, Eldon alifika asubuhi na barua ya uamuzi wa mwisho. Bernadine alibaki ndani ya gari kuegesha vizuri, kazi ambayo hakuwahi kumwamini nayo. Lango likalia. Odessa akainua mkono kumpungia kama kawaida, na Eldon, ambaye siku hiyo hakuwa na kicheko, akampa barua asome.

Odessa aliisoma mara moja. Kisha akaisoma tena, mdomo ukienda polepole.

"Wanasema humo ndani hamna chuma."

"Ndivyo wanavyosema."

"Muhuri huu ni wa kweli?"

"Umewagharimu muda mrefu, lazima ni wa kweli."

Odessa akalitazama lango, akamtazama Eldon, akafungua droo na kutoa Kanuni za Usalama wa Jengo, zilizotiwa saini na Kanali Farley mwenyewe. Akasoma kwa sauti, ili wote waliokuwepo ukumbini wanufaike, kwamba lango likilia pasipo chuma, lango hilo litahesabiwa kuwa bovu; na jengo lenye lango bovu halitaingiza wala kutoa mtu, bila kujali cheo, hadi fundi athibitishe na sababu ya mlio iandikwe. Akabonyeza kitufe chekundu ambacho kila mtu alidhani ni pambo. Milango yote ikajifunga. Wa mbele ukafunga, wa jikoni ukafunga, na wa pembeni, ule wa bega, nao ukafunga kwa mlio mzito.

"Pole, Bwana Prusak. Nimeajiriwa kuamini mihuri."

Fundi wa lango, kijana mrefu aitwaye Duane, kwa bahati alikuwa ghorofani akirekebisha mashine ya kahawa. Akaja na kijiko. Alipita na kijiko, likalia. Alipita bila kijiko, likanyamaza. Akampitisha karani wa faili, kimya. Akampitisha Eldon, likapiga kelele mpaka ndege wakaruka dirishani. Duane akasema lango ni zima, zima kuliko yeye mwenyewe, lakini cheti hawezi kuandika mpaka mwenye mamlaka aeleze kinacholia humo ni nini, kwa sababu kalio lisilo na chuma halina haki ya kulia.

Kanali alishuka ngazi akiwa na suti ya karamu, gari la hoteli likimsubiri nje, dereva akionekana kupitia kioo akitazama saa. Aliamuru mlango ufunguliwe. Odessa akamwonyesha saini. Akaamuru huyu mzee arudishwe nyumbani. Odessa akamwonyesha maneno "wala kutoa mtu". Kanali alisoma kanuni zake kwa mara ya kwanza, na ilionekana hazikumfurahisha.

"Basi andikeni lina chuma," akasema. "Kuna chuma, nimeridhia. Yaishe."

"Cha wapi, Mheshimiwa?" Duane akauliza, kalamu juu. "Kuna nafasi hapa ya asili ya chuma."

"Cha uma."

Eldon alivua kofia yake. Alikuwa amengoja chumba chenye watu hawa wote kwa muda mrefu kuliko alivyojua.

"Uma ulirudi jikoni mzima, Kanali. Kamati yako imeandika. Hakuna hata jino lililopungua."

Kanali aligeuza barua huku na huku, akitafuta uma mwingine. Hapakuwa na mwingine. Hospitali ya kiraia haikuwa na mamlaka. Jikoni hakukuwa na upungufu. Nje, gari la hoteli lilipiga honi fupi, ya adabu.

"Ulikuwa wapi siku hiyo?" akauliza hatimaye, na lilikuwa swali la kwanza ambalo Baraza lilimuuliza.

"Nilikuwa namvuta mtu," Eldon akasema. "Nilimvuta nikirudi kinyumenyume. Ndiyo maana kimeingilia huko."

Hakuna aliyecheka. Kanali aliandika: chuma cha adui. Akaweka saini, na muhuri ukaletwa. Kwa kuwa Duane naye alitaka cheti chake kikamilike, Kanali akaandika pia, haraka haraka, kwamba lango hili ni sahihi, limepimwa, na halikosei kamwe. Akakimbilia mlango wa pembeni. Umefungwa. Kifungu kilichofuata katika Kanuni kilisema kwamba baada ya lango kuthibitishwa, watokao wote watapita humo. Saini ilikuwa ile ile.

Kanali akavua saa. Akavua mkanda, nishani, funguo, hata viatu vyenye visigino vya chuma, akaviweka kwenye trei. Akanyoosha bega la kishujaa na kupita.

Kimya.

"Mheshimiwa," Odessa akasema kwa upole, "rudi kidogo."

Akarudi, akapita tena, bega likiwa mbele safari hii, kama mtu anayesukuma mlango. Kimya kile kile. Karani wa faili akaigeukia picha kubwa ukutani, akasoma maneno ya chini yake kana kwamba ni mageni.

"Kitendawili, Kanali."

Kanali hakusema tega. Odessa akaendelea bila yeye.

"Mvua kinaiona ikiwa bado mbali, lakini kikipita langoni, lango halikioni."

Kisha akamwelekeza kwenye benchi. Kumbukumbu inasema chuma, lango linasema hamna, na lango, kwa saini ya mwenyekiti, halikosei. Tofauti hiyo lazima ipelekwe Baraza, na mhusika asubiri. Kamati Ndogo ya Bega itaundwa kwa wakati wake. Kanali akaketi na soksi zake, fomu mapajani. Gari la hoteli likaondoka na nafasi yake wazi.

Eldon alipita wa mwisho. Lango likalia kwa nguvu zake zote, na watu wakapiga makofi, wengine bila hata kuvaa tai. Kupitia kioo alimwona Bernadine ameegesha vizuri, injini inanguruma, samaki wanangoja, na leo yeye ni foleni ya mbele. Akafika mlangoni, akasita, akarudi hadi kwenye benchi na kumpa Kanali kalamu yake.

"Ukikwama kwenye sababu," akamwambia, "weka alama kwenye uma. Inapitaga."