Fidia ya Masikio Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya idara ya wanajeshi wastaafu imefika. Ijumaa nikapimwe masikio kwa ajili ya fidia. Jirani yangu Burl Stidham alishalipwa, naye jeshini alikuwa mpishi! Mimi nilisimama kando ya mizinga miaka minne. Masikio yanavuma tangu siku hizo. Mke wangu Oleta anasema niwaeleze hivyo tu, inatosha. Haitoshi. Nitakuwa kiziwi kabisa.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi. Oleta kaniambia mara tatu nitoe takataka. Sikusikia. Kisha akanong'ona jikoni kwamba kimebaki kipande kimoja cha pai ya tufaha. Nikaenda. Amekila mwenyewe, huku ananitazama.

Ijumaa, 8 Machi
Mpimaji ni dada mpole, Bi Renfro. Kanifungia kwenye kijichumba, kanivika visikilizio. Nikisikia mlio, nibonyeze kitufe. Sikubonyeza hata mara moja. Kazi safi.

Nilipotoka, akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa, "Nani kaacha taa za gari jekundu zikiwaka?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, ufunguo wa gari langu mkononi.

Hakucheka. Akasema, "Keti, Bwana Tackett. Hayo masikio yanavuma?" Nilishachoka. Nikamwambia ni kama birika lisiloepuliwa, mchana na usiku, tangu mwaka wa themanini na sita. Kwamba mjukuu wangu hunisomea hadithi kwa simu kila Jumapili, nami husema nzuri sana, na sijawahi kujua inahusu nini. Haya sikuyapanga. Akaandika ukurasa mzima.

Jumanne, 14 Mei
Majibu. Kuvuma kwa masikio: wamekubali, ulemavu wa asilimia kumi, fidia kila mwezi. Uziwi: wamekataa, vipimo haviaminiki. Oleta kasoma barua mara mbili. "Umeona, mume wangu? Umesema kweli mara moja tu, na hiyo ndiyo iliyokulipa." Nikakiri kwamba ni kweli. Tukala vizuri, tukacheka.

Jioni Burl kapita na fimbo mpya. Eti goti. Eti amejaza fomu nyingine. Kaniuliza, "Vipi, mzee wa mizinga, wewe umeridhika na masikio tu?"

Kesho naanza kuchechemea. Sijaamua mguu upi.