Siku Tano za Chumba Namba Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Mtoto ameota jino. Moja! Kwa kelele zilizopigwa ungedhani ameota mguu wa tatu. Sijalala tangu Alhamisi. Nimefika kazini na viatu viwili vya jozi mbili. Mlinzi wa geti kauliza kama ndiyo fasheni. Nikamwambia ndiyo, na yeye amechelewa.

Kazi yangu ni ukarani katika kituo cha karantini hapa bandarini. Meli ikiingia, daktari anapanda kukagua watu, maji, chakula na panya. Mimi namfuata nyuma na daftari. Mwenye homa analetwa kituoni, anatengwa. Lakini mwaka wa pili huu hajaletwa mtu. Wote wazima! Vyumba vinafagiliwa tu.

Chumba namba tatu. Mungu wangu, chumba namba tatu! Vitanda sita. Mashuka meupe yaliyonyooshwa mpaka unaogopa kuyagusa. Pazia zito. Mlango unafungwa kwa nje. Kila Jumatatu mashuka yanabadilishwa kwa mujibu wa kanuni, ingawa hakuna aliyeyalalia. Leo zamu ya kuyahesabu ilikuwa yangu. Nikaweka shavu kwenye mto mmoja, kidogo tu, kuukagua.

Nimeamshwa na Muhuri. Huyu ni karani mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye mtunza muhuri wa kituo. Anatembea nao kwenye mfuko wa shati, na bila yeye hata nzi hapati kibali cha kutoka hapa. Kaniuliza kama mto una homa. Nikamwambia joto lake ni la kawaida.

Kabla ya kutoka nimesoma kanuni ukutani. Miaka mitatu napita hapo, sijawahi kufika ya kumi na moja. Mtumishi aliyegusana na mtu anayeshukiwa kuwa na homa, bila barakoa, atatengwa siku tano.

Siku TANO! Nimeisoma mara tatu. Nikaibusu. (Vumbi.)

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimekamua maziwa chupa saba, nimezipanga kwenye friji. Mama mkwe kauliza chupa zote hizo za nini. Nikasema tahadhari. Akarudia, tahadhari, akanitazama kwa lile jicho lake. Mtoto yuko katika mikono salama, vinginevyo nisingethubutu. Alinishika kidole wakati naaga. Nikakaribia kuahirisha kila kitu. Halafu akaning'ata kwa lile jino. Nikaondoka.

Saa nne meli imeingia na bendera ya njano. Watu mitaani hudhani bendera hiyo maana yake kuna ugonjwa. Sivyo. Maana yake ni sisi wazima, njooni mtukague. Leo nimeomba watu wa mitaani wawe sahihi. Barakoa nimeisahau mezani, kwa bahati mbaya niliyoipanga tangu jana.

Mabaharia ishirini na wawili. Wazima kupita kiasi! Mmoja kanionyesha misuli. Nimewasalimia wote kwa mikono miwili, hakuna hata aliyepiga chafya ya heshima. Nahodha kasema hajawahi kupokelewa kwa upendo hivi na serikali yoyote.

Nimekata tamaa mpaka jikoni. Mpishi! Macho mekundu! Machozi! Kamasi! Nikamkumbatia. Akasema dada, ni vitunguu. Nikamwambia anyamaze, asituharibie. Ndipo nikamtazama vizuri, nikaona naye amechoka kama mimi. Milo mitatu kwa siku, watu ishirini na wawili, miezi mitano. Nikamnong'oneza habari za vyumba vyetu. Akauliza, kuna mashuka? Nikasema yapo, meupe. Akauliza, yamepigwa pasi? Nikasema ukiyagusa utalia.

Hakuuliza la tatu. Akainama juu ya sufuria la maji yanayochemka, kitambaa kichwani, akakaa humo kama anasali. Daktari alipofika na kipimajoto, kwenye paji la uso kilisoma thelathini na tisa nukta mbili. Daktari akaruka nyuma, akauliza nani amemgusa huyu.

Nimenyoosha mkono haraka mpaka daftari likaanguka.

Jumanne hiyo hiyo, alasiri. Chumba namba tatu!

Mpishi yuko chumba namba moja. Anakoroma tayari, namsikia kupitia ukuta. Mwenye bahati zake.

Mimi nimechagua kitanda cha dirishani. Nimejinyoosha. Nimefumba macho. Kimya. Kimya mno. Kimya chenye kelele kabisa! Nimegeuka kulia, kushoto, kulia. Baada ya saa moja nimejikuta nimeukumbatia mto begani, naupigapiga mgongo ucheue.

Muhuri kapenyeza fomu dirishani. Niorodheshe watu wote niliogusana nao kwa siku tatu. Akasema fomu yenye majina mawili hunuka uongo, wagonjwa wa kweli hujaza ukurasa. Halafu akacheka kwa pua. Kwa pua!

Basi nimemjazia. Mume wangu. Mama mkwe, mtoto akiwa mgongoni. Jirani yetu fundi cherehani, aliyenipunguzia gauni Jumapili. Mlinzi wa geti. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, MUHURI: amenipa kalamu kwa mkono wake wa kulia, saa tisa na robo. Mbele ya kila jina nimeweka nyumba, njia ya kufika, na rangi ya mlango. Nimepitisha fomu nikicheka kwa pua.

Jumatano, 5 Juni

Usingizi ulikuwa umeshanishika, naapa. Nikasikia gari la wagonjwa.

Serikali ambayo haijaleta balbu ya choo chetu tangu mwaka juzi imewaleta watu wote wa orodha yangu kwa dakika hamsini. Hakuna aliyepotea. Ile rangi ya milango!

Mama mkwe katangulia, mtoto mgongoni, chupa za maziwa zilizobaki kwenye ndoo ya barafu. Kasema sasa ameelewa tahadhari. Akachukua kitanda cha dirishani. Mume wangu kafuata na ovaroli lake, ameshushwa kutoka juu ya winchi anayoendesha pale gatini. Swali lake moja tu: kuna televisheni? Fundi kaja na cherehani, kasema wateja hawajui karantini wala nini, wanajua Ijumaa. Mlinzi kaja na filimbi shingoni. Mwisho kaletwa Muhuri, mweupe kama shuka, mkono umefunika mfuko wa shati.

Akaniambia bibie, hili nitalikumbuka. Nikamwambia kaka, ulisema nijaze ukurasa.

Vitanda sita, watu wazima sita. Nafasi imetosha kwa namna ya kuudhi.

Mtoto aliponiona akacheka mpaka lile jino likatokeza. Nilitaka kununa. Nikashindwa. Nimemnusa shingo kwa muda mrefu, na ule mto niliokuwa nao jana nimeutupa chini ya kitanda kwa aibu.

Alhamisi, 6 Juni

Sauti za chumba namba tatu: cherehani, filimbi, mtoto anayeililia filimbi, mume wangu akiota anashusha kontena, na mama mkwe akinieleza jinsi alivyolea sita bila kumgusa baharia hata mmoja.

Saa tano daktari kaja dirishani amefurahi. Majibu ya damu ya mpishi yametoka. Safi! Hana chochote! Sote huru leo hii, bado vyeti tu vigongwe muhuri.

Chumba kizima kikamgeukia Muhuri. Muhuri akasimama. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Akasema, kanuni ya kumi na nne, kitu chochote kilichoingia chumba cha karantini hakitoki bila cheti cha kutakaswa. Muhuri umeingia, kwa hiyo nao umegusana. Daktari akasema basi tuutakase, tuandike cheti. Muhuri akasema vizuri sana, na hicho cheti mtakigonga kwa nini?

Hata cherehani ilisimama.

Daktari akamwambia mpishi kupitia dirisha la pili kwamba ni mzima. Mpishi akajibu kwa sauti ya chini kwamba anajisikia vibaya, vibaya sana, na akaomba blanketi la ziada.

Mimi? Nimemuunga mkono Muhuri kwa moyo wote. Nimesimama kabisa na kusema kanuni ni kanuni! Siku tatu bado zangu! Mume wangu kanishika paji la uso.

Ijumaa, 7 Juni

Nahodha amefika getini anapiga kelele. Anayepika melini sasa ni fundi wa injini. Wali una ladha ya grisi. Jana waliogopa kuumwaga baharini, wasije wakaua samaki. Na meli isipoondoka leo saa tisa, inapoteza zamu yake kwenye bandari inayofuata na itasubiri nje wiki nzima. Wiki nzima ya wali ule! Kasema ana mabaharia wawili wanaolia, na safari hii si vitunguu.

Daktari kapitisha cheti ndani kwenye nondo za dirisha, kigongwe kirudi. Muhuri akakigonga vizuri kabisa. Halafu akakizuia. Cheti nacho kimeingia! Kimegusana! Vyeti vinne vimepotelea humu kwa njia hiyo. Daktari amekaa chini kwenye nyasi. Sijawahi kumwona Muhuri mwenye furaha hivi. Miaka kumi na minne ya kutunza muhuri, na hatimaye watu wanabembeleza mfuko wake wa shati.

Katikati ya vurugu nimepata akili ya maisha yangu. Watu wazima sita, mtoto mmoja! Nimeandika ratiba, nimeibandika ukutani. Kila mtu saa moja ya kumbeba. Yaani kila nikibeba saa moja, nalala tano! Mlinzi kaanza. Mtoto akapewa filimbi aitafune, akatulia. Cherehani imemaliza gauni la mwisho. Nikapanda kitandani. Shuka lilikuwa la baridi, laini. Nikaanza kuzama, taratibu, tamu...

Mama mkwe kasimama.

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya fundi. Kasema amechoka kusikiliza watu wazima. Karatasi ibaki nje, muhuri ubaki ndani, vikutane dirishani. Akamwamuru nahodha aje dirishani, aibane karatasi kwenye nondo kwa nje. Akamshika Muhuri kifundo cha mkono kama anamnawisha mtoto mkaidi, akaupeleka kwenye nondo.

Pa!

Muhuri akafungua mdomo kutaja kanuni. Akakosa namba. Pa! Pa! Pa! Mara nane, sisi sote na mpishi. Nahodha akambusu daktari. Mpishi kabebwa na mabaharia wanne, mto haujatoka mikononi mwake.

Nimelala dakika nne. Nilikuwa nimepanga siku tano.

Jumamosi, 8 Juni. Nyumbani

Wengine wote wamepumzika, ndicho kinachoniuma. Mume wangu anasema tuwe tunakwenda kila mwaka.

Daktari kanipigia simu. Kasema orodha yangu ndiyo kamili kuliko zote tangu kituo kifunguliwe. Mwandiko unasomeka hata ukiwa mbali! Madereva wameisifia. Ameipeleka makao makuu.

Mchana mama mkwe kamchukua mtoto, kamfunga mgongoni, kafunga pazia la chumbani kwangu. Kasema mwanangu, lala. Siku nyingine ukitaka usingizi uniambie mimi, si lazima uiambie serikali. Hakusema kwa ukali. Akarudishia mlango polepole.

Nimelala chali. Nyumba kimya. Kitanda changu, mto wangu, mlango umefungwa. Nikatazama dari nikiwaza mpango ulivunjikia wapi. Haukuwa mbaya. Mpishi alikuwa sawa, chumba kilikuwa sawa. Saa moja na nusu nimewaza, mpaka nikalikamata.

Mwandiko!

Jumanne inaingia meli nyingine. Nimeamka, nimewasha taa, nimechukua kalamu na kuanza mazoezi. Jina la mama mkwe nimeliandika hapa chini mara sita. La kwanza bado linasomeka. La sita hata mimi silielewi.